Unyuzi Mmoja wa Pamba

Alhamisi.

Na huyu mwalimu mgeni, Anitha, hajawahi kupalilia hata mstari mmoja wa pamba! Kwao Moshi, kwenye migomba. Mimi nimekulia Migato, nimechuma pamba mpaka vidole vikatoka damu.

Leo mwalimu mkuu kampa kipindi changu cha sayansi, darasa la sita, nami nikakaa nyuma kusikiliza. Mimi seli huwa nazichora ubaoni, basi. Yeye kachomoa unyuzi mmoja wa pamba, kauinua dirishani.

"Huu wote ni seli moja. Imeota kwenye ganda la mbegu, ikarefuka hivi. Ilipokauka, ukabaki ukuta wake."

Watoto wakampigia makofi. Mimi hawajawahi kunipigia.

Niliomba awe amekosea. Nimetafuta kwenye kitabu, nimetafuta kwenye simu. Hajakosea.

Jioni binti yangu, ambaye yuko darasa hilohilo, kanifuata jikoni na kipande cha pamba mkononi.

"Mayu, wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Sasa mbona hukuwahi kutuambia?"

Nikamwambia akaoshe vyombo.