Gurudumu la Tarehe

Jumatatu, 10 Machi

Wiki ya tatu masijala. Barua ikiingia dirishani, naigonga muhuri wa "Imepokelewa", naiandika daftarini, naipeleka kwa Mama Faili. Ndiye msimamizi wangu. Kila asubuhi anatakiwa kukagua tarehe ya muhuri na kutia saini kwenye kitabu cha ukaguzi. Leo ametia saini za wiki nzima — tano kwa mkupuo. Aliponiona namtazama, akasema kwa miaka thelathini na moja muhuri haujawahi kumkimbia. Tarishi akadakia kwamba muhuri wenyewe humwamkia shikamoo. Tukacheka.

Kesho ndiyo mwisho wa kupokea pingamizi za watu ambao nyumba zao zitavunjwa kupisha barabara mpya. Kabla ya kutoka nimesogeza gurudumu la tarehe la muhuri, liwe tayari kwa kesho. Mimi naogopa kusahau kuliko ninavyoogopa nyoka.

Jumanne, 11 Machi

Nimefika wa kwanza. Nimesogeza gurudumu, nimefungua dirisha.

Nilitegemea foleni, kumbe wengi walishaleta wiki iliyopita. Amekuja mmoja tu, mshonaji, mama mtu mzima, dakika kumi kabla ya kufunga. Nyuzi nyeupe zimemng'ang'ania kwenye sketi. Akauliza kama amechelewa. Nikamwambia amewahi. Akashukuru mara tatu.

Nimegonga barua na nakala yake. Utotoni, baba akinipeleka ofisi kama hii, alivua kofia hatua kumi kabla ya dirisha. Niliamini walio ndani hawakosei. Na hawaogopi kitu.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya kimya. Nimekuta gurudumu tayari kwenye 12. Nadhani Mama Faili amenisaidia.

Alhamisi, 13 Machi

Orodha ya waliochelewa imebandikwa. Jina ni moja. La mshonaji. Nyumba yake itavunjwa Jumanne ijayo.

Nikasimama pale ubaoni mpaka tarishi akaniuliza kama nimeota mizizi. Jumatatu jioni nilisogeza gurudumu. Jumanne asubuhi nikalisogeza tena, likafika 12, nikidhani sijalisogeza. Wala sikulitazama! Aliwahi. Muhuri wangu ndio umemchelewesha.

Nikamwambia Mama Faili. Hakushtuka. Akaenda kufunga mlango, akaniuliza daftari linasemaje. Daftari linasema 11, tarehe niliiandika kwa kichwa, bila kutazama muhuri. Akasema mkuu akiona muhuri na daftari vinagombana atauliza nani alikagua, na saini yake ipo. Amebakiza miezi minne astaafu. Akanipa kalamu. Moja ya pili iwe mbili, akasema, basi.

Nikabadilisha. Nikapuliza wino ukauke.

Nyumbani mama ameuliza habari za kazi. Nimesema nzuri.

Ijumaa, 14 Machi

Mshonaji amekuja na nakala yake. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali. Ameiweka dirishani, akaigeuza upande wangu.

"Mwanangu, si wewe uliyeniambia nimewahi?"

Nikasema sikumbuki.

Akanitazama kidogo. Akasema pengine ni yeye aliyechanganya siku, maana wiki hii hajalala vizuri. Akanitafutia udhuru, mimi! Akauliza kama kuna fomu nyingine. Hakuna. Akakunja karatasi mara nne, akaondoka.

Mama Faili alikuwa amekwenda stoo. Nikamfuata, nikiwa na maneno yangu tayari, makali. Nikamkuta amekaa juu ya boksi la mafaili ya zamani, mikono ameikalia. Nikajua kwa nini. Yangu nimeitia mifukoni tangu jana, tangu ishike ile kalamu. Akasema bila kugeuka kwamba hata yeye aliwahi kuwa na wiki tatu za kazi, na aliyemfundisha alimpa kalamu vilevile. Nikamuuliza ilikuwa barua ya nani. Hajamsahau, akasema. Anamwona sokoni.

Yale maneno makali sikuyasema. Sijui yalikwenda wapi.

Jumapili, 16 Machi

Nimelala kutwa. Nimefua shati.

Jumatatu, 17 Machi

Saa tatu nimepanda kwa mkuu. Nimesema yote ya kwangu: gurudumu, mara mbili, daftari nililoliharibu. Nilitegemea radi. Akavua miwani tu, akaifuta. Akasema kosa likithibitishwa kwa maandishi kabla ya saa sita, anaweza kusimamisha uvunjaji. Akanipa fomu ya maelezo. Isiyojazwa yote haipokelewi.

Sasa ni saa tano na nusu. Niko mezani kwangu. Mshonaji yuko kwenye benchi la nje, nimemtuma tarishi amwite. Hajui ameitiwa nini. Amekaa wima, mkoba mapajani.

Nimejaza jina. Nimejaza tarehe, nikaihakiki mara nne. Nimejaza kosa. Nafasi ya mwisho inauliza: nani alikagua muhuri asubuhi hiyo, na alikagua vipi? Nimeiacha fomu, naandika hapa kwanza. Nikisema kweli, miaka thelathini na moja ya mtu inaishia kwenye mstari huu. Nikisema alikagua vizuri, basi muhuri ulikuwa sahihi, na nyumba inaanguka.

Mama Faili ameleta kiti, ameketi mkabala nami. Ameisoma fomu juu chini, kutokea upande wake. Ameuliza kama nimekula. Bado. Amemega mkate wake, ameniwekea nusu juu ya karatasi safi.

"Andika, mwanangu," amesema.

Hajasema niandike nini. Mikono ameiweka juu ya meza, wazi, na mimi narudi kwenye fomu, niandike: hakukagua.