Jina Langu Limesomwa Kati ya Marehemu

Mshauri mpendwa,

Nakuomba unisaidie, maana nimefanya jambo ambalo hata kuliungama naona aibu. Mimi ni mkulima wa Mwazye, sina mume, na binti yangu Jovina alipochaguliwa sekondari huko Sumbawanga mjini tulikuta bweni limejaa, basi tukazunguka siku mbili na mvua ya Januari, godoro kichwani, tukitafuta chumba karibu na shule, na kila tulipopiga hodi tuliambiwa hatupangishi wanafunzi, akipata mimba wazazi watakuja kutusumbua sisi, hadi tukafika kwa mjane mmoja, Bibi Kristiana, naye akaanza maneno yaleyale, nami nilikuwa nimechoka mno, nikajikuta nasema huyu ni yatima, mama yake alikufa, mimi ni shangazi yake tu, naitwa Getruda. Yule bibi akamshika Jovina mkono akamwingiza ndani. "Maskini mwanangu," akasema, "utakaa na mimi hapahapa, kodi sitaki."

Sasa ni mwaka wa pili. Anamlisha, akiugua anampeleka hospitali, kikao cha wazazi anakwenda yeye, na mimi nikipeleka unga wa ulezi napokewa kama mgeni. Mwezi wa tisa Jovina alinisindikiza stendi, tukiwa wawili tu, akaniaga, "Safari njema, shangazi." Nikamwambia mwanangu, hapa hakuna anayetusikia. Akasema, "Nimezoea."

Halafu Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, Bibi Kristiana alimuuliza Jovina jina la mama yake, akaliandikisha parokiani na kulipia misa, na mimi nilikuwa nimekaa nao benchi moja padri aliposoma, "Luciana, mama yake Jovina." Luciana ndiye mimi. Jovina alilia, Mshauri, alilia kweli, bibi akamkumbatia, mimi nikabaki nimeshika kitabu cha nyimbo. Nikisema ukweli atafukuzwa na shule itaishia hapo, nikinyamaza nampoteza mwanangu. Nifanyeje?

Luciana, Mwazye

*

Luciana,

Pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimelia. Sasa ngoja nikugombeze. Siku ile mlangoni ulikuwa umelowa na umechoka, hilo nalielewa. Ila mvua ilikatika, mama, na wewe ukaendelea kuwa Getruda karibu miaka miwili. Unalalamika mtoto kakuita shangazi? Nani alimfundisha? Umembebesha binti mdogo uongo ambao wewe mtu mzima umekushinda, na kanisani alilia kwa sababu hakuwa na wa kumwambia.

Kwanza nenda kwa mwalimu wa malezi uulizie nafasi ya bweni muhula ujao, usingoje mtoto awe barabarani. Kisha kaa na Jovina umwombe msamaha, na habari za mvua usizitaje. Halafu Jumamosi nenda kwa Bibi Kristiana peke yako. Unga uache nyumbani, asije akadhani unamhonga. Mwambie uongo ulikuwa wako, si wa mtoto, mshukuru, kisha nyamaza aseme yote aliyo nayo. Ana haki ya kukasirika, amemlipia misa mtu aliye hai.

Huenda akamfukuza, sikufichi. Huenda pia akamsamehe na Jovina mwenyewe akataka kubaki kwake, na hilo litakuuma zaidi, lakini livumilie, maana pale amelelewa vizuri. Nenda tu. Ukipiga hodi akauliza ni nani, jibu, "Ni mama yake Jovina."