Shangazi Taaka, Waziri Hajaja Kunywa Uji

Kwa majonzi makubwa na taadhima yote inayostahili, ukoo mzima unatangaza kwamba mwaka umetimia tangu ututoke, Shangazi Taaka. Ukoo mzima kwa sasa ni Mama na mimi. Baba yuko Malaba, nitaeleza kwa nini.

Ulipika uji wa wimbi kando ya maegesho ya malori, hapa Busia. Waliolala kwenye veranda za maduka uliwapa vyeo: huyu Jaji, yule Askofu, na yule mbeba mizigo mwembamba, Waziri. Uliwatunzia dawa zao za virusi vya UKIMWI, maana anayelala nje huibiwa hata kiatu kimoja. Kila kichupa ulikijaza vipande vya kitenge, vidonge visilie kama kayamba.

Mbele za watu hukutaja dawa. Ulimpa mtu kikombe na kidonge kwa mkono uleule. Madereva waliona uji tu. "Mheshimiwa, kunywa kwanza, siasa baadaye," ulisema, na hukumwondolea macho mpaka ameze.

Sasa anapika Mama. Uji wake ni mzuri, tusimseme. Ila mwezi uliopita aliinua kichupa mbele ya madereva, akamwita Waziri kwa jina lake kamili: "Njoo umeze dawa ya virusi, we mtoto, utakufa!" Aliita kwa upendo. Madereva wakacheka. Waziri akaweka kikombe chini, akavuka kwenda upande wa Kenya. Dawa akaziacha.

Tangu hapo hatutulii. Akipita mbeba mizigo yeyote, Mama anaruka, uji unaungua. Baba alimtafuta Tororo, akidhani amerudi upande huu, akamkosa; sasa yuko Malaba, bado anamtafuta.

Tunakumbuka pia kicheko chako, Shangazi, na upole wako, na…

"Emmy, kumbukumbu gani hii?" Mama anasomea begani kwangu. "Aliyekufa ni wifi yangu. Mbona Waziri, Waziri?"

Basi nimekamatwa, nakiri. Shangazi, wewe tunakukumbuka hata bila tangazo la gazeti. Nimeazima nafasi yako kwa sababu tangazo la kumtafuta Waziri, lenye jina na picha yake, lingemwanika mara ya pili, naye husoma hata gazeti lililofungiwa chapati.

Mheshimiwa, rudi. Mama anasema, "Mwambie nimekosa mimi, asiuadhibu mwili wake." Dawa zako tunazo. Ukiona haya, pitia nyuma.

Tunaokukumbuka: kaka yako Bwire, wifi yako Resty, na mimi Emmy, binti wa kaka yako.

Hatutakusahau kamwe, Shangazi. Na yeye hatumwachi.