Kitu cha Mikono ya Naliaka

Sirisia, 3 Juni 2024

Mwanangu Phelista,

Mko salama huko Kitale? Mimi mguu unauma, lakini bado unanifikisha sokoni. Simu yako umeizima mlio, ati itamsumbua mtoto, kwa hivyo Suad wa duka la vitambaa ananiandikia. Suad, andika nilivyosema, usilainishe.

Nimemtumia Naliaka gari la kuchezea lenye king'ora. Ana miaka mitano na bado hasemi. Labda kelele itamwamsha. Agosti mlete, Job wa kaka yako anatahiriwa. Nataka watu wamwone mjukuu wangu.

Mama yako

Kitale, 12 Juni 2024

Mama mpendwa,

Sisi wazima, pole na mguu. Lakini lile gari, Mama! Lilipolia tu Naliaka aliziba masikio, akajiuma mkono, akaingia chini ya kitanda. Hajalala huyu, masikio yake yanasikia kupita yetu. Mwalimu wake, Kemboi, anasema tukimchagulia kitu cha kuchezea tusitazame bei wala umri, tutazame mikono yake inatafuta nini. Yake inatafuta cha kupapasa: pindo la leso yangu, unga. Na kisiwe kidogo, atameza.

Agosti hatuji. Zile kengele na filimbi za tohara hataziweza. Nisamehe.

Binti yako

Sirisia, 9 Julai 2024

Phelista,

Salamu baadaye, nimekasirika. Si na wewe, na hilo gari. Lizike.

Suad amenipa vipande vya mahameli, taulo na gunia. Nimeshona mkanda mpana, kila mshono nimeuvuta kwa meno nione hautang'oka akaumeza.

Halafu nikaenda kwa Wakoli, kiongozi wa waimbaji wa tohara. Nikamwambia wapite njia ya mtoni, na kengele zisilie karibu na kwangu. Akacheka: "Kukhu, bibi yangu, tohara ya kunong'ona?" Nikamwambia, "Mwaka uliotahiriwa wewe nilikuona ukitetemeka mbele ya kisu, na sijawahi kumwambia mtu. Nianze leo?" Alikubali upesi. Suad, hilo usiandike.

Njooni.

Mama yako

Sirisia, 20 Agosti 2024

Naliaka, mama yangu mdogo,

Mlifika salama? Mama yako akusomee polepole. Job anapona vizuri.

Mkanda wangu uliupapasa mara moja, ukautupa. Sawa, sikulia. Ukaenda moja kwa moja kwenye mkeka, pale nilipoanika kimea cha wimbi cha busaa, pombe ya sherehe, ukazamisha mikono mpaka viwiko. Wanawake nilikuwa nimeshawakataza kelele, wakabaki midomo wazi. Mama yako akaruka kukushika, nikamshika yeye. Na wewe ukacheka! Kumbe una kicheko kinene hivyo, na sisi hatukijui.

Ulichimba hapo mpaka jua likazama. Wageni wakaniuliza pombe itaiva lini. Nikawaambia mjukuu wangu bado anaichezea, wanywe chai.

Kukhu wako