Dang'a ya Nyati Wako

Kafr Tutia,
Menufia, Misri.
11 Februari 1994.

Mpendwa Dada Inshirahi,

Pokea salamu zetu sote. Mgongo umepona? Na viyoozi vya huko Kuwait bado vinakukohoza? Sisi wazima, ila mimi kichwa kinanigonga, na anayekigonga ni mama yetu.

Nyati wako wa maziwa amezaa juzi, ndama jike. Usishangilie kwanza.

Unanijua, mimi si mtu wa hivi hivi. Nimefanya kazi Benghazi, nimeiona dunia. Kwa hiyo yule binti daktari wa mifugo alipokuja kumtoa nyati damu ya kupima mwezi mmoja kabla ya kuzaa, kijiji kizima aliyemwelewa ni mimi tu. Alisema siku za kuzaa zikikaribia, protini za kinga hupungua kwenye damu ya nyati, zinahamia kwenye kiwele, zinaingia kwenye dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza. Ndama huzaliwa hana kinga yoyote. Asipoinywa dang'a saa za mwanzo, ugonjwa wowote unaondoka naye.

Nikamweleza Mama mara kumi. Akanijibu, "Wewe uliyefeli darasa la sita, ndiyo unifundishe mimi maziwa?"

Juzi nyati kazaa, nikakimbia kumwita daktari aje achukue damu ya pili. Kurudi, Mama amekamua kiwele chote, dang'a kaigawa nyumba saba, eti majirani wasituone wachoyo. Ndama kalala kama gunia tupu.

Nikapita mlango kwa mlango. Kote wameshaipika, wanafuta midomo na kunipa hongera. Ikabaki nyumba ya Shehata, ambaye hatusemezani tangu ule ugomvi wa maji ya shamba. Bakuli letu lilikuwa kizingitini kwake, dang'a mbichi, haijaguswa.

"Nilidhani mmetia sumu," akasema. "Vipi, bwana wa Benghazi, siku hizi mnafuata zawadi zenu?"

Nikamweleza. Akalibeba bakuli mwenyewe, akapiga magoti kwenye samadi, akamnywesha ndama kwa chupa, kidogo kidogo. Leo ndama anasimama. Daktari kampima damu, kinga imeingia. Sasa Shehata anakuja asubuhi na jioni kunikosoa namna ninavyotandika majani, na siwezi kumfukuza.

Dada, mwaka jana nilikuandikia kwamba ndama wako aliuawa na jicho baya la watu. Si kweli. Dang'a yake niliila mimi, mabakuli mawili, kwa sukari. Nisamehe.

Wasalimie Shemeji Zenhum na watoto. Mama anakusalimu, bado hajakubali kosa. Mungu akulinde, akurudishe uje umwone ndama wako akiwa hai.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Mitwali