Pingili ya Klara

Area D, Dodoma
9 Machi 2025

Mjomba Anselmi, shikamoo.

Natumaini mguu umepata nafuu na mpunga wa Bahi unaendelea vizuri. Mimi mzima. Nisamehe kwa kuondoka msibani kwa mkazamjomba kabla ya kuanua tanga, kazi iliniita. Ukumbi wetu wa maonyesho utafunguliwa Mei, nami nimepata mfupa wa dinosaria wa Kretasia, pingili ya shingo. Wewe ulifundisha sayansi. Nieleze mnyama huyu aliishije.

Mpwa wako,
Rodgers

Bahi
21 Machi 2025

Mpwa wangu, marahaba.

Mguu bado unanisumbua. Mpunga umeshika, ila nyumba imekuwa kubwa mno tangu Klara aondoke.

Umeuliza aliishije. Kretasia ni kipindi cha mwisho cha dinosaria, kilichoisha miaka milioni sitini na sita iliyopita. Wale wenye shingo ndefu walikata majani kandokando ya mito na kuyameza bila kutafuna. Kazi ya kusaga iliachiwa tumbo. Jike alitaga mayai, akayafukia, akaenda zake. Vitoto vilianguliwa vikajitafutia wenyewe, na vingi viliishia vinywani mwa wala nyama. Mnyama alipokufa, wadudu waliweza kuutoboa mfupa kabla mto haujaufunika kwa mchanga. Ukiona vitundu ubavuni mwa pingili yako, ndio hao. Hata zama zile walikuwepo waliofika msibani na njaa zao.

Jambo jingine. Ile pingili iliyokaa juu ya kabati la Klara haionekani. Ukoo utaketi mkekani Jumatatu ya Pasaka kugawa vitu vyake, na unajua kwetu cha marehemu hakiguswi kabla ya hapo. Aliyenayo aje nayo, nami sitamuuliza kitu.

Kama una swali lingine, uliza.

Mjomba wako,
Anselmi

Area D
4 Aprili 2025

Mjomba, shikamoo, na pole kwa mguu.

Maelezo yamenifaa sana, hata vitundu nimeviona. Ile ya mkazamjomba nadhani watoto wa jirani waliichezea. Yangu niliichimba mwenyewe hapo Bahi, nyuma ya majaruba ya mpunga. Bosi anatamba kila mahali kuwa Dodoma sasa ina dinosaria wake. Wataalamu wakiridhika siku ya ufunguzi, nitapewa ukumbi niuongoze. Pasaka sitaweza kuja, ila wewe usikose ufunguzi. Nimekuwekea kiti cha mbele.

Mpwa wako,
Rodgers

Bahi
10 Aprili 2025

Marahaba, mpwa.

Nitakuja. Suti nimeshaitoa sandukuni.

Mjomba wako

Area D
19 Mei 2025

Mjomba, shikamoo.

Sijui hata nianzie wapi kukuuliza hali. Ulikaa pale na suti yako ukinitazama. Yule mtaalamu, Dokta Flaviana, aliponiambia kuwa Bahi ni tope la juzi juu ya mawe ya itale yaliyopoa kabla dunia haijawa na hata samaki, sembuse dinosaria, ukumbi mzima ulicheka. Akakugeukia wewe, mwalimu wa Bahi, akutake neno. Ukasema taratibu, "Mwulizeni aliyechimba."

Nimesimamishwa kazi. Ukiandika kwamba mfupa ulinipa wewe na mimi nikachanganya mahali tu, watanirudisha. Ungeniambia mapema ungepungukiwa nini?

Mpwa wako,
Rodgers

Bahi
2 Juni 2025

Rodgers, marahaba.

Mguu umepoa. Sijalala vizuri hivi tangu mazishi.

Uliniuliza mnyama aliishije, nikakujibu kwa ukweli wote. Hukuniuliza alilala wapi. Ungeuliza, ningekwambia kwamba Klara aliiokota pingili ile kwenye mawe mekundu ya bonde la Rukwa, tulipokuwa walimu huko, maharusi bado, na kwamba hakuacha kuipangusa kwa kanga yake mpaka alipougua. Lakini kuuliza kungekuwa kukiri, ukaona heri uwe mchimbaji.

Sitaandika unachotaka. Ukoo uliketi Pasaka tukagawa vyote, ila mkeka sikuukunja. Njoo mchana, upite katikati ya soko, umeibeba kwa mikono miwili watu wakuone, uiweke mkekani mbele ya mama zako wadogo na useme uliitoa wapi. Kisha utarudi mjini kwa basi la jioni. Chai haitakuwepo.

Nilikulea tangu dada yangu alipofariki. Yule mnyama alifukia mayai yake akaondoka. Nilipokuwa nafundisha habari hiyo nilimwona hana huruma. Sasa namwelewa.

Mume wa Klara