Ng'ombe wa Manjano

Shadya, acha unachofanya usome. Mwamini wetu, mhadhiri wa mifugo, ameaibika mbele ya wanafunzi arobaini.

Alikuwa mtaa wa Gungu, zizini kwa Mzee Nduwayo, akiwaonyesha ng'ombe mweupe kwa video ya simu ili wajifunze kutambua afya yake.

Kumbe ng'ombe huyo ni wa mahari ya kijana wa Nduwayo. Baba wa binti alikuwa papo hapo, amekuja kumkagua ng'ombe wake.

Mwanafunzi mmoja akapaza sauti simuni: "Mwalimu, huyu ana manjano mwili mzima! Atengwe haraka!"

Atengwe, Shadya. Mbele ya mkwe.

Mkwe akakunja uso. "Nduwayo, unanipa mgonjwa?"

Mwamini akapitisha kidole mgongoni mwa ng'ombe, akanusa. Mafuta ya mawese. Mawese, Shadya! Hakuna kitabu cha tiba ya mifugo kinachotaja maradhi hayo.

"Mwanangu," Mzee akajitetea, "nimempaka ang'ae tu. Ningemweka mbele ya wasomi akiwa amepauka?"

Mkwe naye akapitisha kidole, akaonja, akatafakari kama hakimu.

"Ng'ombe nimemkubali," akatamka. "Ila aje na madumu mawili ya mawese haya haya."